Haki ya Chakula Huanzia Kwenye Kibaba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Mwaka hata mwaka katika mkutano huu husomwa hesabu ya fedha, habari za wagonjwa na misiba, na idadi ya watoto waliosaidiwa ada za shule. Leo Kamati imetuagiza tuongeze jambo moja ambalo halijawahi kuandikwa katika taarifa zetu, ingawa latugusa kila siku mara tatu, na wengine wetu mara moja tu. Jambo hilo ni chakula: nani hukilima, nani hukipima, nani hukiuza, na nani hubaki na faida yake. Twasema mapema kwamba ndani ya habari hii mna kosa letu wenyewe, na kwamba mwisho wake tutawaomba mpige kura.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo ambavyo kila mtu alivijua. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, na vibaba vinne vilikuwa pishi. Mtoto akitumwa dukani alijua kibaba kilichojaa kina sura gani, na muuzaji aliyepunguza alionekana na kutajwa mtaani. Ndiyo sababu hata leo twasema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo twaitumia kuwafundisha vijana kuweka akiba, lakini ina fundisho jingine ambalo tumelisahau, nalo ni kwamba kibaba lazima kiwe kibaba. Chombo kikiwa kimebonyezwa chini kitajaa upesi, lakini mnunuzi amekwisha kuibiwa.

Mtu akitaka kuona jinsi vipimo vilivyoharibika na aende Kongowea alfajiri, wakati malori yanaposhusha mizigo. Ataona magunia ya viazi vilivyotoka Nyandarua na Meru, yamejazwa hata juu ya mdomo, kisha yakaongezewa kichwa kwa kushonwa wavu na kamba. Hayo ndiyo magunia yaitwayo lumbesa. Mkulima hulipwa kwa gunia, wala halipwi kwa kilo. Tuseme bei ya gunia ni shilingi 3,000. Gunia likiwa la kilo 50, mkulima amepata shilingi 60 kwa kila kilo. Likiwa lumbesa la kilo 120, amepata shilingi 25 tu. Gunia ni moja na bei ni ile ile, lakini zaidi ya nusu ya haki yake imekwenda. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliagiza kwamba gunia lisizidi kilo 50, lakini kanuni haina mikono. Pasipo mtu wa kushika mizani, huwa karatasi tu.

Sasa tutazame upande wa mlaji. Mama wa nyumba hapa mjini hanunui gunia. Hununua fungu la viazi vitano, au gorogoro moja ya mahindi, na mara nyingi mkebe huo umepigwa nyundo kwenye kitako. Basi mkulima hutoa kwa kipimo kikubwa, na mlaji hupokea kwa kipimo kidogo, na katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo jasho la wote wawili linapopotea. Wengi wetu tuna jamaa walio katika pande zote mbili. Baba yuko shambani Ganze au Wundanyi akilalamika kwamba mazao hayana bei, na mwanawe yuko Changamwe akilalamika kwamba chakula ni ghali. Wote wawili wasema kweli.

Ndugu wanachama, dhuluma hii si ya jana. Mwaka 1942, wakati wa vita vikuu, serikali ya kikoloni ilishika biashara yote ya mahindi katika nchi hii, na mkulima Mwafrika alilipwa bei ya chini kuliko ile aliyolipwa mlowezi. Vyama vya ushirika navyo vilikuwa vya walowezi kwanza. Walianzisha cha kwanza huko Lumbwa mwaka 1908, na Waafrika hawakufunguliwa mlango hasa mpaka sheria ya mwaka 1945. Leo hatuna sababu ya kungoja mlango mwingine. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha kilicho kizuri. Lakini haki iliyoandikwa ni kama shamba lenye hati: hati hailimi.

Tulipoanza kuzungumza mambo haya katika Kamati, mzee mmoja wetu alituuliza swali ambalo lilitunyamazisha. Alisema, "Wanangu, mnataka kumfukuza dalali. Je, mtamfukuza na mama mboga anayetukopesha sukuma wiki mwisho wa mwezi? Na lori mtalisukuma ninyi?" Tulimjibu, "Mzee, umesema haki," kisha tukaenda kuuliza. Tukajifunza kwamba mchuuzi hulipa mafuta ya lori, hulipa makuli, hulipa ushuru wa mazao njiani na tena sokoni, na nyanya zikioza mvuani hasara ni yake peke yake. Mtu anayefanya kazi hiyo astahili ujira wake, na mama mboga ni mwanachama mwenzetu katika shida. Kwa hiyo hatukuja hapa kumtukana mtu. Tunalolipinga ni kipimo kilichofichwa na bei iliyofichwa. Mchuuzi anayepima wazi mbele ya mkulima na mbele ya mnunuzi ni rafiki wa pande zote mbili.

Sasa twafika kwenye kosa letu. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, Kamati ilikusanya fedha za wanachama ili kununua mahindi kwa pamoja moja kwa moja kutoka shambani. Shauri lilikuwa jema. Tulikodi lori, tukaenda bara ya Kilifi, tukanunua magunia kumi na mawili kwa mzee mmoja mkulima na majirani zake. Mvua ilikuwa imenyesha siku zile. Yule mzee alituambia waziwazi, "Wanangu, ngojeni juma moja jua liyapige, mahindi haya bado yana maji." Sisi tulitazama saa, tukatazama lori lililokodiwa kwa siku moja, tukapakia. Tulipima kwa debe, wala hatukupima kwa kilo, wala hatukuandika kila debe lilikuwa la nani.

Mahindi yaliwekwa katika ghala lisilo na hewa. Baada ya majuma matatu, mwanachama mmoja alitia mkono katika gunia akaona lina joto kama mkate uliotoka tanuruni. Tulipofungua, punje zilikuwa na ukungu wa kijani na wa manjano. Wengine walishauri tuyaoshe na kuyaanika, wengine tuyauze kwa bei nafuu. Kamati ilikataa, ikayateketeza yote. Fedha za wanachama zikapotea, na kwa sababu hatukuwa na kilo wala majina katika daftari, hatukuweza hata kugawanya hasara kwa haki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani, ambao kazi yetu ni daftari, ndio tuliolisahau.

Tangu siku ile maneno yamesemwa juu ya yule mzee, ya kwamba alituuzia mahindi mabovu. Leo, mbele ya mkutano huu, twataka maneno hayo yafutwe. Mzee yule hakutudhulumu. Alituonya, nasi hatukumsikia. Twaomba jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mjumbe apelekwe kumwomba radhi.

Pengine wako wanaofikiri kwamba tulipoteza chakula bure kwa woga. Twawakumbusha mambo ya mwaka 2004 katika nchi hii. Huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukungu ulikuwa umefanya ndani yake sumu iitwayo aflatoksini. Waliougua walikuwa 317, na katika hao walikufa 125. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamelimwa na wenyewe na kuwekwa ndani ya nyumba zao. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha, wala haiishi kwa kupika. Twajifunza kwamba chakula hakiwi salama kwa sababu tu kimetoka kwetu. Chakula cha nyumbani chahitaji uangalifu ule ule tunaoudai kwa wageni.

Ukavu wa mahindi waweza kupimwa na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi hata theluthi moja ya chupa, kisha vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uache chupa itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, na yarudishwe juani. Chupa ikibaki safi, unyevu umeshuka chini ya kiasi cha sehemu 15 katika 100. Hata hapo ni vema kuendelea kuyaanika, kwa kuwa kiasi kilichowekwa kwa viwango vya Afrika Mashariki ni sehemu 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe juu ya udongo, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Laiti tungalikuwa na chupa moja na kiganja cha chumvi siku ile, tungaliokoa magunia kumi na mawili.

Je, watu wa mshahara mdogo waweza kweli kushika biashara ya chakula chao? Historia yajibu kwamba waweza. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji wa nguo na mafundi wengine waliishi kwa ujira duni. Wenye maduka wengi wa zama hizo walichanganya vyakula na takataka, na kupunguza vipimo. Watu 28 waliweka akiba kidogo kidogo mpaka wakapata mtaji wa pauni 28, na tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane. Siku ya kwanza waliuza unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine. Nguvu yao ilikuwa katika masharti yao: bidhaa safi, kipimo kamili, fedha taslimu bila mikopo, kura moja kwa kila mwanachama awe mwanamume au mwanamke, na faida kugawanywa kwa kadiri ya ununuzi wa kila mtu. Masharti hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa vyama vya ushirika duniani kote, pamoja na vile vya kahawa, maziwa, na akiba na mikopo tunavyovijua hapa Kenya. Hawakuanza na ghala kubwa. Walianza na mizani na daftari, vitu viwili ambavyo sisi hatukuwa navyo.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu mambo manne.

La kwanza ni mizani. Twaomba chama kinunue mizani moja iliyokaguliwa na kupigwa muhuri kama sheria ya vipimo inavyotaka, na kwamba tangu sasa chama kinunue kwa kilo tu. Mizani hiyo iwe pia msaada kwa jirani. Mama mboga au mkulima yeyote akitaka kuhakikisha mzigo wake, apime bure.

La pili ni ununuzi wa pamoja, lakini kwa utaratibu. Kila nyumba itaje mahitaji yake mwezi mmoja kabla ya mavuno, na kuweka nusu ya fedha kwa mweka hazina. Bei ya kilo ipatanwe na mkulima mbele ya mashahidi na kuandikwa, naye alipwe siku ile ile mzigo unapopimwa, maana mkulima anayengoja fedha zake miezi miwili hulazimika kuuza kwa yeyote apitaye. Kipimo cha chupa na chumvi kifanywe katika kila gunia. Na tukiambiwa tungoje juma moja, tungoje.

La tatu ni daftari la wazi. Karatasi ya hesabu ya kila ununuzi ibandikwe ukutani hapa ukumbini: kilo zilizonunuliwa, bei ya shambani, gharama ya lori, ushuru uliolipwa na stakabadhi zake, na fungu la kila mwanachama. Na katika watu watano wa kusimamia kazi hii, twapendekeza angalau watatu wawe akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaojua unga wa mwezi ni kiasi gani bila ya kuambiwa.

La nne ni kwenda kusema mahali penye masikio. Tangu mwaka 2013 kilimo na masoko yako chini ya serikali za kaunti, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla ya bajeti na ushuru kupitishwa. Mara nyingi viti vya mikutano hiyo hubaki vitupu, kisha sisi hulalamika nyumbani. Twapendekeza watu wawili wateuliwe kuhudhuria na kutuletea taarifa. Maombi yetu yawe machache na yanayoeleweka: maji safi na mifereji sokoni, mahali pakavu pa kuwekea mazao, na mizani ya umma mahali ambapo kila mtu aweza kuifikia.

Zaidi ya hayo manne liko jambo moja ambalo halihitaji kura, kwa kuwa kila nyumba yaweza kulianza kesho. Sisi tuliosoma shule za misheni twakiri kwamba tulipata kudharau mboga za mama zetu. Tuliona kabichi ni chakula cha watu walioelimika, na mchicha, kunde, mnavu na mgagani ni chakula cha shida. Wataalamu wa nchi hii wametusahihisha. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amefanya utafiti kwa miaka mingi juu ya mboga za asili za Kiafrika na kuonyesha ubora wake mwilini, na mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano mizuri duniani. Kunde huota katika udongo wa pwani bila ya gharama kubwa, na mchicha huota hata katika gunia nyuma ya nyumba. Muhogo, viazi vitamu, mtama na pojo hutoka karibu nasi. Msimu wa maembe ukifika, maboribo na mangowe huoza chini ya miti huko Malindi na Kilifi, na huku mjini watoto wetu wanakunywa maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Kila shilingi tunayompa mkulima wa karibu kwa kipimo cha haki huzunguka kwetu na kurudi kwetu, ikiwa ada ya mtoto au mchango wa mgonjwa.

Wazee wetu, twajua ni vigumu kutoa fedha tena mahali zilipopotea. Hatuwezi kuwaahidi kwamba mvua haitanyesha au kwamba lori halitaharibika. Twaweza kuwaahidi tu yale yaliyo mikononi mwetu: mizani, chupa ya chumvi, daftari lililo wazi, na masikio ya kumsikia mkulima anapotuonya. Mkiona mambo hayo hayatoshi, kataeni, nasi tutaheshimu. Mkiona yatosha kwa kuanzia, basi tuanze na magunia matano tu, na hesabu yake itasomwa hapa mwakani, ikiwa ni ya faida au ya hasara.

Bwana Mwenyekiti, twaomba sasa uwaulize wanachama mambo mawili. Kwanza, kwamba yule mzee wa Kilifi aombwe radhi kwa jina la chama. Pili, kwamba mizani inunuliwe. Twaomba yaulizwe kwa utaratibu huo, maana kipimo cha haki hakina budi kuanza na heshima ya mtu.